Maji Yako Wapi? Sayansi ya Sufuria kwa Anayeanza Kupika

Anayeanza kupika huomba vipimo. Anataka kujua vijiko vingapi vya chumvi, dakika ngapi za kukaanga, vikombe vingapi vya maji. Akimpigia simu mama au shangazi, jibu analopata ni "weka kiasi", "acha mpaka viive", "utaona mwenyewe". Vijana wengi waliopanga chumba kwa mara ya kwanza, wakiwa na mtungi wa gesi wa kilo sita na sufuria mbili, hukatia tamaa hapo hapo na kurudi kwenye chipsi mayai za kibandani. Wengine huamini kuna siri wanafichwa, au kwamba mkono wa kupika mtu huzaliwa nao.

Siri hakuna, na majibu yale si ya kukwepa swali. Mpishi mzoefu anaona kweli. Anausikia mlio wa kikaango ukibadilika, anaona mvuke ukipungua, ananusa na kujua kitunguu kimefika, ila hajawahi kuulizwa aeleze anajuaje. Dalili hizo zikichunguzwa kwa jicho la kemia na fizikia, karibu zote zinajibu swali moja: maji yaliyomo kwenye chakula yako wapi na yanafanya nini? Yanaingia, yanatoka, au yamekwisha? Naamini anayeanza akijifunza kuyafuatilia maji atapiga hatua kubwa kuliko anayekariri mapishi hamsini.

Kitunguu, kwa uzito wake, ni maji kwa karibu asilimia 89. Nyanya ni asilimia 94 hivi. Nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi ni maji kwa karibu robo tatu. Kwa hiyo ukiwasha jiko, unachokipasha kwanza ni maji, na maji yana mpaka wake. Katika usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, yakifika nyuzijoto 100 yanachemka, na hayapandi tena hata uukoleze moto namna gani. Moto wote wa ziada unaishia kuyageuza kuwa mvuke. Sufuria ya maharage inayotokota kwa fujo mpaka mfuniko unarukaruka haina joto kuliko ile inayochemka taratibu. Zote zina nyuzi 100. Ya kwanza inakula gesi na kukausha maji, basi. Anayelijua hili peke yake ameshaurefusha uhai wa mtungi wake.

Kuyageuza maji kuwa mvuke ni kazi nzito. Chukua lita moja ya maji yenye nyuzi 25 uipashe mpaka ianze kuchemka. Ukitaka maji hayo yote yapae yaishe, utahitaji nishati nyingine takriban mara saba ya ile uliyotumia kuyafikisha kwenye kuchemka. Ndiyo sababu kitunguu kinaonekana kukawia kikaangoni, na ndiyo sababu nyanya hazikauki kwa dakika mbili hata ukizisimamia kwa hasira.

Namba nyingine ya kuweka kichwani ni 140. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi amino asidi, zile zinazojenga protini, zinavyoungana na sukari kwenye joto na kutoa rangi ya kahawia. Mchakato huo sasa unaitwa kwa jina lake. Ndio unaotupa rangi na harufu ya mishkaki, ya mahindi ya kuchoma, ya kahawa iliyokaangwa, madoa ya chapati na ukoko wa wali. Huenda kwa kasi joto likikaribia nyuzi 140 na kuendelea. Sasa ziweke namba mbili pamoja: maji hayavuki 100, na ukahawia unataka 140. Chakula chenye maji mengi usoni hakiwezi kupata rangi ya haraka mpaka maji hayo yaondoke.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili kwa macho ni kitunguu, na ningemshauri anayeanza atumie jioni moja kukaanga kitunguu tu, asiguse kingine. Bandika kikaango, tia vijiko viwili vya mafuta, yakipata moto mwaga kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba vinavyolingana. Utasikia mlio mkali, chwaaa. Huo si mlio wa mafuta. Ni maji ya kitunguu yanayogusa mafuta ya moto na kulipuka kuwa mvuke, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia tano ya maji yaliyouzaa. Dakika chache baadaye vipande vinaanza kung'aa na kuwa kama vya kupenya mwanga, kwa kuwa seli zimepasuka na maji yamejaa mahali palipokuwa na hewa. Mvuke ni mwingi. Hata ukiongeza moto, rangi haiji. Hapa ndipo wengi huona hakuna kinachoendelea, wakachukua simu.

Kisha mlio unabadilika. Unapungua, unakuwa mwembamba, mapovu yanakuwa madogo madogo. Ile harufu kali ya salfa inapotea, inakuja harufu tamu. Pembe za vipande zinaanza kuwa za dhahabu. Maji yamekaribia kuisha, na moto uliokuwa ukimalizikia kwenye kutengeneza mvuke sasa hauna kazi nyingine ila kupandisha joto la kitunguu chenyewe. Kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio: kati ya dhahabu na nyeusi ni muda wa kukoroga mara chache. Kitunguu hakikuungua kwa sababu moto ulikuwa mkali tangu mwanzo. Kiliungua kwa sababu mpishi hakusikia mlio ulipobadilika.

Dawa yake ni maji hayo hayo. Ukiona rangi inakimbia, nyunyiza kijiko kimoja cha maji. Joto linashuka papo hapo kuelekea 100, ukahawia unasimama, na yale mabaki yaliyoganda chini ya kikaango yanayeyuka na kurudi kwenye chakula yakiwa na ladha yake yote. Kitunguu saumu kina maji machache kuliko kitunguu cha kawaida, tena hukatwa vidogo sana, kwa hiyo huungua mapema. Kitie pale kitunguu cha kawaida kikishafika dhahabu, wala si pamoja nacho.

Na machozi? Kisu kinapopasua seli za kitunguu, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa vinakutana na kampaundi za salfa na kutengeneza gesi inayochoma macho. Mwaka 2002 watafiti wa Kijapani walionyesha kuwa kuna kimeng'enya maalumu kwa kazi hiyo, ambacho kabla ya hapo hakikujulikana. Kisu butu huponda seli nyingi na kutoa gesi nyingi. Anayeanza asinunue vifaa vingi. Anunue kisu kimoja kizuri na kitu cha kukinolea.

Baada ya kitunguu huja nyanya, na hapa ndipo michuzi mingi ya wanaoanza inapoharibikia. Umetia nyanya, maana yake umerudisha maji mengi kikaangoni, na joto limeshuka tena. Maagizo ya nyumbani husema: kaanga mpaka mafuta yajitenge. Ni agizo la kisayansi kabisa. Nyanya zikiwa bado na maji mengi, mafuta yanatawanyika ndani yake kwa vitone vidogo, huyaoni. Maji yakipungua, rojo linakuwa zito, vitone vinakutana, mafuta yanapanda pembeni yaking'aa. Ukiona hivyo, ujue joto limeanza kuvuka nyuzi 100 na uchachu wa nyanya mbichi umetulia. Bizari nayo inapata nafasi. Rangi ya manjano, ile kurkumini, haiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, na harufu nyingi za binzari nyembamba, iliki na karafuu ni hivyo hivyo. Ukiimwaga bizari kwenye mchuzi uliokwisha kujaa maji, inaelea na kubaki na ladha ya unga. Ikikaangwa sekunde kadhaa ndani ya mafuta, inafunguka. Anayeharakisha kuongeza maji ya mchuzi kabla mafuta hayajajitenga anapata mchuzi mwekundu, mwembamba, wenye ladha ya nyanya zilizochemshwa, kisha anadhani amekosa kiungo fulani.

Kanuni ni ile ile kwa samaki wa kukaanga. Mfute maji kwa kitambaa safi au karatasi, mkolee chumvi, muache kidogo, umfute tena, kwa kuwa chumvi huvuta maji nje. Mafuta yawe kati ya nyuzi 170 na 180. Usipokuwa na kipimajoto, tupia kipande kidogo cha kitunguu, kikitoa mapovu mengi mara moja yako tayari. Usijaze kikaango. Vipande sita vikiingia kwa pamoja vinaingiza maji ya vipande sita, joto linaanguka, na samaki anachemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika. Samaki akinata chini, usimvute kwa nguvu. Mara nyingi ngozi ikikauka na kupata rangi, inaachia yenyewe.

Chuma cha chapati kina kipimo chake. Tone la maji likidondoka likachemka na kupotea palepale, chuma kina moto. Likianza kuteleza na kukimbia huku na huku bila kukauka upesi, chuma kimepita kiasi: tone limebebwa na utando wa mvuke wake lenyewe, jambo lililoelezwa mwaka 1756 na daktari Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost. Kwa chapati, punguza moto ukiona hivyo.

Hadi hapa tumekuwa tukiyatoa maji. Nusu nyingine ya mapishi yetu, na pengine iliyo kubwa zaidi, ni ya kuyaingiza.

Maharage makavu yana maji kama sehemu moja tu katika kumi ya uzito wake, na kazi yote ya kuyapika ni kuyarudishia maji na kulainisha pektini, gundi inayoshikilia seli. Kuloweka usiku kucha kunafanya nusu ya kwanza ya kazi bila gharama ya mafuta wala mkaa. Nusu ya pili inategemea vitu vitatu ambavyo mpishi anaweza kuviamua.

Cha kwanza ni asidi. Nyanya na ndimu huifanya pektini iwe ngumu kuvunjika, kwa hiyo maharage yaliyotiwa nyanya kabla ya kuiva yanaweza kukaa jikoni saa nyingi yakiwa bado na kiini kigumu. Desturi ya kuchemsha kwanza na kuunga baadaye ni sahihi kikemia, na asiishike anayeanza kama mazoea tu, aishike kwa sababu hiyo. Cha pili ni madini. Pektini hushikamana kwa msaada wa kalsiamu na magnesi, na maji ya visima vingi yana madini hayo kwa wingi. Hapa chumvi, ambayo wengi wameambiwa inafanya maharage yakatae kuiva, kumbe inasaidia: ukiitia kwenye maji ya kulowekea, sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu kwenye ngozi ya harage na ngozi inalainika. Cha tatu ni magadi, yale yanayotoka Ziwa Magadi kule kusini mwa Kenya na Ziwa Natron upande wa Tanzania. Ni alkali, huvunja pektini upesi, na yanaokoa kuni nyingi. Lakini huharibu sehemu ya vitamini B1, na yakizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni. Mimi ningeyatumia kwa maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, ambayo joto na unyevu vimeyafanya sugu, na hata hapo kwa ncha ya kijiko tu. Kwa maharage ya msimu mpya sioni haja.

Kisha kuna mwinuko wa mahali. Kadiri unavyopanda juu, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Nairobi na Mbeya, zilizo kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Kigali na Bukavu ni kama 95. Njombe yanachemka kwenye nyuzi za chini zaidi. Nyuzi sita au zaidi zinaonekana chache, lakini zinatosha kumchelewesha sana mtu aliyejifunzia kupika Tanga akahamia Njombe, akashangaa kwa nini maharage yale yale hayaivi kwa muda ule ule. Tiba yake ni presha kuka. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akiishi London, aliionyesha sufuria yake ya kwanza ya mvuke uliofungiwa mwaka 1679, na alilainisha mifupa nayo. Mvuke ukikosa pa kutokea, shinikizo hupanda na maji hufika kwenye nyuzi 120 hivi kabla ya kuchemka. Kwa familia ya nyanda za juu inayopika maharage kila siku, sijui kifaa kingine kinachorudisha gharama yake upesi hivyo.

Jambo la usalama hapa halina mjadala. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya protini, aina ya lektini, inayosababisha kutapika vikali. Kuchemka kwa nguvu angalau dakika kumi huiharibu. Joto la chini, la nyuzi 80 hivi, haliiharibu ipasavyo. Anayependa kuacha sufuria kwenye moto mdogo au kwenye kikapu cha kutunza joto aanze kwa kuyachemsha sawasawa. Kisamvu nacho kina sababu ya kutwangwa ambayo haiishii kwenye ulaini. Jani la muhogo lina kampaundi zinazoweza kutoa sianidi, na kimeng'enya cha kuzivunja kimo ndani ya jani hilo hilo, ila vimetengwa. Kutwanga kunavikutanisha, sumu inaachiliwa, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 26 tu, inaondoka na mvuke. Kwa hiyo twanga kweli kweli, chemsha kwa muda wa kutosha, na mwanzoni usifunike.

Ugali unatisha wengi, na hofu yote iko kwenye madonge. Litazame donge moja kwa karibu: likate kwa kijiko, utakuta nje ni laini na linang'aa, ndani kuna unga mkavu mweupe. Punje za wanga wa mahindi huanza kunywa maji na kuvimba joto likifika kati ya nyuzi 62 na 72. Ukimwaga rundo la unga kwenye maji yanayochemka, tabaka la nje linavimba na kuwa gundi kwa sekunde chache, na gundi hiyo inayazuia maji kufika ndani. Ndiyo maana tunaanza na uji: unga kidogo ukikorogwa kwenye maji baridi, kila punje inazungukwa na maji kabla joto halijafika. Uji ukichemka vizuri ndipo unga mkavu unaongezwa kidogo kidogo huku mwiko ukisukuma na kuponda kwenye ukuta wa sufuria. Kisha kuna hatua ambayo wenye njaa huiruka: kupunguza moto, kufunika, na kuacha dakika kadhaa kabla ya kusonga tena. Punje zilizoingia mwisho bado zinatafuta maji. Ugali wenye ladha ya unga mbichi ni ugali ulioepuliwa kabla maji hayajagawanyika. Dona, kwa pumba zake, huhitaji maji na muda zaidi kuliko sembe.

Kwenye wali, kosa la kawaida ni la hesabu. Mtu anajua kikombe kimoja cha mchele kinataka vikombe viwili vya maji, na siku ya wageni anapika vikombe vinne kwa maji vikombe vinane, anapata bokoboko. Mchele wenyewe hunywa maji karibu sawa na ujazo wake, kikombe kwa kikombe. Maji yanayobaki ni ya kupaa na mvuke, na yanayopaa yanategemea upana wa sufuria, kukaza kwa mfuniko na muda wa kukaa motoni, wala si wingi wa mchele. Ukiongeza mchele mara nne, ongeza maji ya kunywewa mara nne, lakini ya kupaa yabaki karibu yale yale. Kwa sufuria ile ile, vikombe vinne vya mchele vitaiva kwa vikombe vitano au sita. Mchele wa zamani uliokauka hunywa zaidi kuliko wa mavuno mapya, kwa hiyo ukifungua gunia jipya jaribu kidogo kwanza. Kuosha kunaondoa unga wa wanga uliobaki usoni mwa punje, ambao ndio unaozigandisha. Na wanaopalia makaa juu ya mfuniko wana hoja: maji yanapokaribia kuisha, joto linatoka juu na chini, mvuke wa mwisho unazunguka ndani, na wali unakauka sawasawa bila kukorogwa.

Chapati ngumu, kwa sehemu kubwa, ni chapati iliyonyimwa maji. Ngano, tofauti na mahindi, ina protini mbili ambazo zikikutana na maji na kukandwa huungana kuwa nyuzinyuzi za gluteni. Jacopo Beccari aliieleza mbele ya wanazuoni wa Bologna, Italia, mwaka 1728, kwa kuosha donge la unga mpaka wanga ukatoka na kikabaki kitu kinachovutika. Unaweza kulirudia jaribio lake kwenye sinki lako leo. Nyuzi hizo zikikandwa zinakaza, ndiyo maana donge lililotoka kukandwa linarudi nyuma ukilisukuma. Lifunike, liache nusu saa. Zinalegea, na maji yanaenea mpaka kwenye punje kavu. Donge liwe laini kiasi cha kukusumbua kidogo mkononi. Anayeanza huogopa kunata, anaongeza unga, anaongeza tena, na ugumu wa kesho anautengeneza hapo. Mafuta yanayopakwa kabla ya kukunja yanazuia tabaka zisiungane, na chuma chenye moto wa kutosha kinayageuza maji kuwa mvuke upesi, mvuke unazitenganisha. Chuma kikiwa baridi, chapati inakaa muda mrefu, maji yanatoka polepole bila kuinua kitu, inakauka.

Nyama niipitie kwa ufupi. Misuli ya mnyama inakaza na kukamua maji yake kuanzia nyuzi 60 hivi, lakini kolajeni, ile mishipa migumu ya nyama ya shingo, ya mguu na ya kuku wa kienyeji aliyekomaa, hugeuka jelatini kwa kuchemka taratibu kwa saa nyingi. Hakuna njia ya mkato ya moto mkali. Papai bichi, linalotumika pwani kulainisha nyama ya mishkaki, lina kimeng'enya cha papaini kinachokata protini. Likikaa kupita kiasi, nyama inakuwa rojorojo usoni.

Tui la nazi ni vitone vya mafuta vilivyoshikiliwa ndani ya maji na protini za nazi yenyewe. Likichemka kwa fujo protini zinaganda, mafuta yanaachana na maji, na tui linakatika. Ndiyo maana tui la pili, jepesi, hutangulia kupikia, na tui zito huja mwishoni kwa moto mdogo huku likikorogwa bila kuachwa.

Kuna ujuzi mmoja usiohusu maji moja kwa moja, nao ni kuonja. Onja mwanzo, onja katikati, onja mwisho, kila mara kwa kijiko safi. Chumvi haiongezi uchumvi tu. Hupunguza uchungu, na unaweza kulithibitisha kwa kuonja mchunga au mnavu uliochemshwa bila chumvi, kisha wenye punje chache. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo alionyesha kwamba glutamati ina ladha yake ya pekee, nje ya utamu, uchachu, uchumvi na uchungu, akaiita umami. Nyanya zilizoiva zina glutamati kwa wingi, na samaki wakavu wana inosinati, na hizo mbili zikikutana kila moja huikuza nyenzake. Dagaa wakavu na nyanya wana utamu ambao kimoja peke yake hakiufikii, na jikoni kwetu hilo limejulikana muda mrefu bila maabara. Ila kumbuka chumvi haipai na mvuke. Mchuzi uliokolea vizuri ukiwa mwembamba utakuwa na chumvi kali ukishapungua kwa nusu, kwa hiyo tia nusu ya chumvi mapema na nyingine mwisho.

Mwisho ni kiporo, na hapa nasisitiza kwa uzito wote. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi kwenye mchele na hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukibaki ndani ya sufuria usiku kucha, una unyevu na uvuguvugu unaotosha kuzifanya ziote na kutengeneza sumu, na sumu ile ya kutapisha haiharibiki ukiupasha asubuhi hata ukaunguza mdomo. Usiuache wali nje zaidi ya saa mbili. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uweke kwenye friji. Asiye na friji apike wa kuisha. Wali uliokaa kwenye baridi utaukuta mgumu, kwa sababu wanga uliokuwa umevimba umejipanga upya na kukaza. Kwa kukaanga, huo ni bora kuliko wa leo: uso wake ni mkavu na punje zinaachana. Kaanga kitunguu mpaka mlio ubadilike, tia wali, nyunyiza vijiko viwili vya maji, funika. Wanga huo ukivuka nyuzi 60 hivi hulegea tena, nawe subiri mpaka mvuke utoke katikati ya sufuria, wala si pembeni tu, kisha funua, ongeza moto, uache ukauke.